Sabuni ya Unga na Damu ya Mwanakombo

Wanangu wa maabara,

Mmeniandikia barua nzuri, yenye muhuri wa chuo, mkiniomba niwape "hekima ya miaka mingi ya kazi" kwa ajili ya jarida lenu. Nimeisoma mara mbili nikitafuta ni nani mnayemsema. Hekima sina. Nina kosa moja kubwa, na madogo kadhaa ya kulisindikiza. Anayetaka hekima na amuulize yule anayewaletea mashine. Yeye anayo tele, imechapwa kwenye kitabu chenye picha.

Najua nyinyi hamuoshi tyubu. Mnafungua pakiti, mnatumia, mnatupa, mnabonyeza kitufe, mnakwenda kunywa chai huku mashine inawaza kwa niaba yenu. Hongereni. Sisi tulikuwa na tyubu za kioo zisizotimia hamsini, na ikivunjika moja tulikaa kimya kidogo kama watu waliofiwa. Tyubu hizo zilioshwa, zikatumika, zikaoshwa tena. Kosa langu limo humo kwenye kuosha, kwa hiyo mwenye kudharau kuosha na aache kusoma hapa, akaendelee na kitufe chake.

Nilipelekwa kisiwani Amu miaka ya sitini, bendera mpya ikiwa bado haijapauka. Nilikuwa kijana wa Ukambani, nina cheti cha maabara ndani ya fremu na bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Kliniki yetu ilikuwa ndogo, nyuma ya mji, na ilishafungwa zamani. Jina lake silitaji, maana kosa halikuwa lake. Watu wa mji walinipa jina la Bwana Damu, kwa sababu kila aliyekuja nilimchoma kidole. Nililipenda jina lile. Nilidhani ni heshima.

Aliyeosha vyombo vya maabara alikuwa Bi Rukia, mwanamke wa Amu wa makamo, mwenye mdomo mtulivu na macho yasiyosahau. Hakusoma shule. Nami, kwa ukarimu wangu, sikuacha siku ipite bila kumkumbusha kuwa mimi nimesoma. Mambo aliyonifundisha bila kujua kama ananifundisha ni haya. Kitambaa chenye damu kiloweke kwenye maji baridi kwanza, maana ukikitia kwenye maji moto damu inaiva kama ute wa yai na haitoki tena. Alijaribu kumwambia hivyo muuguzi mpya kutoka bara. Muuguzi akachemsha mashuka yote ya wadi "kuua vijidudu". Vijidudu vilikufa, na madoa yakaishi kuliko muuguzi alivyoishi Amu. Jingine: ukinawa kwa sabuni kisha ukatia mkono wenye povu kwenye ile dawa ya manjano ya kuulia vijidudu, sabuni na dawa vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, na vijidudu vinabaki vinatazama. Hilo daktari wetu alilikataa kwa muda mrefu, kisha akalitangaza kama jambo alilogundua yeye.

Na la tatu, ambalo ndilo lenyewe: kioo kisafi hulia. Bi Rukia alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya mdomo wa tyubu, na kama hakikulia, anasuuza tena. Maji ya visima vya karibu yalikuwa na chumvi. Sabuni ya mche ikikutana na maji yale haitoi povu. Inaganda utando mweupe unaong'ang'ania kioo. Ilibidi asuuze na kusuuza, na mwisho kwa maji matamu, ambayo yaliletwa kwa punda ndani ya madebe na hayakuwa ya kuchezea. Kazi ya asubuhi nzima. Mimi nilisimama mlangoni nikiona maji matamu yanamwagika, moyo ukiniuma kwa ajili ya maendeleo ya taifa.

Basi nilipokwenda likizo, nilirudi kutoka Mombasa na bati la sabuni ya unga. Ndiyo kwanza zinaanza kusambaa kwetu, na nilikuwa na hakika kwamba mimi ndiye niliyechaguliwa kuifikisha Amu. Sabuni hii haikuogopa maji ya chumvi. Ilitoa povu hadi kwenye viwiko. Tyubu zilitoka zinang'aa, hakuna utando, hakuna kitu. Nikatoa amri: suuza mara mbili, inatosha, maji matamu yahifadhiwe.

Bi Rukia alipitisha kidole gumba. "Hakilii, Bwana."

"Bi Rukia, kioo hakitakiwi kulia. Kinatakiwa kung'aa."

Akanitazama kidogo, akasuuza mara mbili kama nilivyosema, akazipanga.

Sasa niwaeleze sabuni ni nini, kama alivyonieleza Bwana Kilonzo, mwalimu wangu wa Mombasa, mtu mfupi aliyeongea kama anayekadiria maneno yake yasimwishie. Chembe ya sabuni, alisema, ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Mkia unatafuta mafuta. Kwenye sahani unapata mafuta ya sahani, kila mtu anafurahi. Lakini sahani ikiisha, mkia haujui kwamba kazi imeisha. Ngozi ya chembe nyekundu ya damu nayo imefumwa kwa mafuta na protini. Mikia inajipenyeza humo, mmoja, kumi, elfu, mpaka ngozi inaachia na wekundu wote unamwagika nje. Na protini zenyewe, ambazo ni nyuzi ndefu zilizojikunja kila moja kwa mkunjo wake, nazo hushikana na mikia hiyo; ikizidi, mkunjo unafumuka. Bwana Kilonzo alimalizia hivi: "Kwa sababu hiyo na nyingine nyingi, unapopima damu ya mtu na mtu, weka na tyubu ya shahidi. Chembe na maji ya chumvi ya maabara, basi, bila damu ya mgonjwa. Shahidi akivunjika, usimshitaki yeyote."

Nilijibu swali hilo vizuri sana kwenye mtihani. Nadhani ndiyo sababu sikuona haja ya kulitumia kazini. Shahidi alikula tyubu moja ya ziada, na tyubu zilikuwa chache.

Bati lilikuwa na siku kumi mezani pale alipoletwa Mwanakombo.

Alitoka Siyu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, kisha damu ikakataa kusimama, wakambeba kwenye kitanda mpaka kwenye mlango wa bahari, wakampakia mashuani, wakafika Amu asubuhi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya karatasi hii ninayoandikia. Alikuja na mumewe Bwana Athmani, kakake Bwana Shee, mama yake Bi Zena, na shangazi wa mume, ambaye ndiye aliyembeba mtoto. Daktari aliizuia damu isiendelee kutoka, lakini iliyokwisha kutoka ilikuwa nyingi mno. Akaniambia, "Atiwe damu leo, au tumzike kesho. Tafuta."

Wakati ule hatukuwa na benki ya damu. Benki yetu ilikuwa ndugu waliosimama uani. Nikapima makundi juu ya kigae cheupe, na Bwana Shee na dada yake wakalingana. Kigae tulikuwa tunakipangusa kwa kitambaa tu, shikeni hapo. Kisha nikafanya kipimo cha pili, cha kuzikutanisha: chembe za Shee ndani ya maji ya damu ya Mwanakombo, yale yanayobaki juu damu ikiganda, kwenye tyubu, kwenye vuguvugu, usubiri. Zikipatana, chembe hutulia chini kama mchanga na maji yanabaki meupe juu. Zisipopatana, hugandamana, au huvunjika na tyubu yote inakuwa nyekundu.

Ilikuwa nyekundu.

Nikapima ya mume. Nyekundu. Jirani yao aliyeendesha mashua, nyekundu. Nikajichoma mwenyewe, mimi wa kundi O, ambaye kwa kawaida damu yangu inapokelewa kama mgeni mwenye zawadi. Nyekundu. Mtu mwenye akili angejiuliza inakuwaje mwanamke mmoja agombane na mji mzima. Mimi nilijiambia nimegundua ugonjwa mpya. Hakika niliwaza na jina la kuupa.

Nikatoka uani na koti langu jeupe. Bwana Shee alisimama, mkono wa shati umeshakunjwa tayari.

"Damu yako haifai," nikamwambia. "Haipatani na ya dada yako. Zinavunjana."

Bwana Athmani akauliza taratibu, "Yaani damu ya huyu na huyu si moya?"

Hapa, wanangu, palikuwa na sentensi moja ya kusema. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutofautiana damu, na haimaanishi lolote. Niliijua sentensi hiyo. Ilikuwa kwenye daftari langu. Lakini nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye ugunduzi wangu, nikasema, "Kwa vipimo vyangu, si moja," nikageuka.

Shangazi wa mume akasema, "Kumbe."

Neno moja tu. Kisha akamtazama mtoto aliyekuwa mikononi mwake, na kutoka kwa mtoto akamtazama Bi Zena. Bi Zena alikuwa ameketi ukutani, buibui limemfunika mpaka kwenye nyusi. Mume wake alikuwa amekufa zamani, hakuwepo wa kusema kwa niaba yake, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu, nina cheti, nikisema kwamba mmoja wa watoto wake si wa marehemu. Sikulijua hilo wakati ule. Nilidhani nimezungumzia chembe.

Ndani, Bi Rukia alikuwa anaosha. Nikamwambia anipe tyubu nyingine, nijaribu mara ya mwisho kabla ya kumwambia daktari hakuna damu. Hakunipa. Alinyoosha mikono yake miwili juu ya beseni.

"Tazama, Bwana."

Ngozi ya vidole ilikuwa imekauka na kupasuka, katikati ya vidole ni kidonda kitupu.

"Miaka yote nimeosha kwa sabuni ya mche, mikono yangu haijawa hivi. Siku kumi za unga wako. Hiyo yala, Bwana. Kitu kilacho ngozi ya mtu mzima kitaiwata damu ya kitupani?" Kuwata kwao ni kuacha, na kitupa ni hiyo tyubu.

Nilifungua mdomo nimfundishe jambo, nikakumbuka tyubu ya shahidi. Bwana Kilonzo alikuwa amesimama kichwani mwangu na maneno yake machache. Nikachukua tyubu mbili zilizooshwa kwa unga. Ya kwanza nikatia chembe za Shee na maji ya damu ya Mwanakombo. Ya pili nikatia chembe za Shee na maji ya chumvi matupu, yule shahidi niliyemnyima nafasi. Ya tatu Bi Rukia aliichukua mwenyewe, akaisuuza kwa maji matamu mara nyingi nisizozihesabu, mpaka kidole chake kilipopita na kioo kikalia. Humo nikatia chembe na maji ya damu ya Mwanakombo.

Shahidi alivunjika wa kwanza. Alivunjika kabla sijakaa. Humo hamkuwa na tone la Mwanakombo, na chembe zote zilipasuka. Ile yenye maji ya damu yake ilichelewa, ikawa nyekundu polepole, kama inayojizuia. Na ile ya Bi Rukia haikufanya kitu. Chembe zilitulia chini kama mchanga, maji juu meupe.

Mnaona? Hamkuwa na ugomvi wowote; kigae, ambacho hakikuguswa na sabuni, kilikuwa kimesema kweli. Sabuni ilibaki kwenye kioo, haionekani, na kila chembe niliyoingiza ilikuwa inaingia machinjoni. Na maji ya damu ya Mwanakombo, ambayo nimeyashitaki asubuhi nzima kuwa yanamuua kakake, yalikuwa ndiyo yanayomtetea: protini zake zilikuwa zinaishika ile mikia ya sabuni, zinajitia kati, mpaka zilipozidiwa. Nikakaa kwenye kiti. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijapata kabati la kuifungia.

Shee alitoa damu mchana uleule. Jioni rangi ya midomo ya Mwanakombo ilianza kurudi. Nikatoka uani nikiwa mwepesi, nikamwambia Bi Zena kwamba yote yamekwisha, lilikuwa kosa dogo la sabuni.

Bi Zena ndipo alipozungumza mara ya kwanza, bila kupandisha sauti.

"Bwana, kwa neno kama lile dini yetu yataka mashahidi wane, watu wazima, wenye macho. Wewe umeniletea zitupa."

Nikasema nasikitika.

"Mashua ya jirani imesharudi Siyu," akasema. "Shangazi yake Athmani amerudi nayo. Neno lako limeshafika. Lilikwenda kwa mdomo wako, ndoo ulirudishe kwa mdomo wako." Ndoo ya kwao ni njoo: alikuwa ananiita Siyu.

Daktari aliniambia si lazima, nimwandikie barua. Nilifikiri habari ya barua kwa siku mbili. Bi Rukia alinisikia nikiisoma kwa sauti, akaendelea kuosha, kisha akasema, "Barua nzuri. Itasomwa na nani, kule alikolipeleka yule shangazi neno lake la kumbe?" Siku ya tatu, Bi Zena na wanaume wakiwa wametangulia kwao, nikapanda mashua.

Sikuwahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa ile njia ya miguu ya kuingia Siyu, na tyubu zangu na chupa ya maji ya damu ya Mwanakombo ndani ya kikapu, zimefungwa kwa pamba. Walinikalisha kwenye daka, ule ukumbi wa mlangoni. Wanaume walijaa: Bwana Athmani, wajomba, wazee, jirani wa mashua. Bi Zena alikuwa ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, na sauti yake ilitoka humo. Shangazi naye alikuwepo ndani, nilimsikia akikohoa.

Nikafanya yote mbele yao. Shee alikunja shati, nikamchoma. Tyubu yenye sabuni na maji ya chumvi, tyubu yenye sabuni na maji ya damu ya dada yake, tyubu iliyosuuzwa ikalia. Nikasema ile sentensi niliyoificha: ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kutofautiana damu, na wakitofautiana si ushahidi wa kitu. Nikasema hawa hata hawakutofautiana. Nikasema nilidanganya kwa uvivu, na nilimsema mwanamke mwema kwa kitu nisichokijua. Ilinichukua muda kuyatoa maneno hayo. Si mepesi kama "kwa vipimo vyangu".

Wazee walizipitisha tyubu mkononi kwa mkono. Mlangoni sauti ikauliza, "Iliyo na mai ya damu ya mwanangu ni ipi?"

"Hii, Bi Zena. Iliyochelewa kuvunjika."

"Iliyochelewa."

"Ndiyo. Ilikuwa inamlinda kakake."

Bwana Athmani akainamisha uso. Nilisikia shangazi, huko ndani, akisema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mama Shee." Sikusikia jibu, na halikunihusu.

Nilidhani tumemaliza. Kahawa ikapita, tukanywa. Kisha Bwana Shee akatoka ndani na sinia la vikombe vile vidogo vilivyotumika, na mtungi wa maji, akaviweka miguuni pangu. Alikuwa anajitahidi asicheke. Sauti ya mlangoni ikasema:

"Bwana, suuza. Hata nikwambie basi." Yaani mpaka aniambie inatosha.

Basi mimi mpimaji mwenye cheti, mbele ya wazee wa Siyu, nikakunja mikono ya shati nikasuuza vikombe vya kahawa. Nilipomaliza vyote, nikangoja. Kimya. Nikaanza tena. Kidole gumba kilipopita, vililia. Nikaanza mara ya tatu. Mzee mmoja akaanza kumhadithia mwenzake habari za shamba lake, kana kwamba sipo. Mtungi ulikwisha, Shee akaleta mwingine. Mpaka wito wa sala ulipotoka msikitini, wanaume wakainuka, Shee akalichukua sinia bila kusema neno, nami nikarudi mashuani na vidole vimekunjamana.

Bati la unga nililikuta Amu, Bi Rukia amelitoboa tundu chini na kupanda mrehani. Mikono yake ilipona. Tyubu ya shahidi sikuiacha tena hata siku moja ya kazi yangu, na wasaidizi wangu wote walinichukia kwa hilo, kama nyinyi mtakavyochukiwa mkiwa na bahati. Mashine zenu nazo zinahitaji shahidi. Zinang'aa sana, nami najua nilichokiona ndani ya kitu kinachong'aa.

Mwanakombo alizaa wengine watatu. Alipokuja Amu kuwachanja, alinisalimu kwa jina langu, si Bwana Damu. Bi Zena alikufa miaka mingi baadaye, na Shee alinitumia habari, nikaenda kumzika. Nyumbani kwangu wajukuu wananicheka kwa namna ninavyosuuza kikombe changu cha chai, mara saba, mara nane, mpaka wanafunga bomba wenyewe. Siwalaumu. Hawajui kwamba yule mama hakuwahi kuniambia basi.